Bawaba

Alhamisi, rasharasha juu ya mawe ya Padova,
na dukani kwetu taa kumi na nne zinaigiza jua.
Akaingia bibi mmoja, koti la kijivu, mwavuli wa kuazima,
akasimama mbele ya kabati la vioo
kama mtu aliyemwona nduguye katika umati
asijue amwite au ampite.

"Ile. Ya rangi ya gamba la kobe."
Nikavaa glavu nyeupe, kama nilivyofunzwa,
nikaitoa kwa mikono miwili, kama kitoto cha jana.
Yeye akaipokea kwa mmoja.
Hakuivaa. Kioo hakukitazama.
Aliipeleka sikioni,
akaukunjua mkono wa miwani, akaukunja,
akaukunjua tena, taratibu.
Tk, ikasema bawaba,
naye akatikisa kichwa, kama aliyeitikiwa salamu.

Kisha kidole gumba kikatembea ukingoni,
kikalipita jina la dhahabu bila hodi,
kikakoma kwa nyuma, jicho la mteja lisikofika.
"Hapa palikuwa na haraka. Hii ni ya Ijumaa, nakuapia.
Ijumaa watu hufikiria basi la saa kumi."

Kule Cadore, akasema, milima imesimama kama meno.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya gurudumu la kitambaa:
ng'arisha, inua, tazama, ng'arisha.
Mapipa ya mbao yakizunguka usiku kucha,
fremu zikioga vumbi la miti,
na nywele zake zikanuka siki hata siku ya harusi.
Jozi mia mbili kwa siku.
"Ya kuvaa, sikuwahi hata moja.
Ya nini? Dirisha la kiwanda halikulijua jua."

Akauliza bei.
Nikaitaja kwa sauti tunayotajia bei,
ya chini, kama habari ya msiba:
yuro mia nne na themanini.
Hakushtuka. Alihesabu kwa vidole,
sijui alihesabu nini, fedha au Ijumaa.
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti;
yeye alikijua kipande chenyewe kwa jina.

"Irudishe," akasema. "Lakini nipe bisibisi."
Nikadhani ataikaza ile ya mia nne na themanini.
Akasoma kibandiko kifuani pangu: "Ludovica. Mimi Nerina.
Inama kidogo."
Akanivua miwani yangu mimi,
ya kusomea, ya gengeni,
ninayoisukuma puani tangu Pasaka.
Akazungusha nusu, kisha robo. Akapuliza.
Akanivisha, akanisogezea nywele nyuma ya sikio.

Alipotoka hakuufungua mwavuli.

Miwani yangu haijateleza tena.
Ila asubuhi, nikifungua kabati,
nazipanga zile jozi kwa majina yao makubwa,
halafu nazigeuza moja moja,
natafuta kwa kidole
Ijumaa iko wapi.