Nipe Mji

Hamad ameikuta ndani ya mashine ya kufulia,
kati ya dishdasha yake ya shule na soksi:
flashi, ndogo kama ukucha wa gumba,
imekoshwa, imekamuliwa, ingali nzima.

Nilikuwa nimeishonea kwenye pindo la kanga.
Uzi wa Sohar haufai.

Ndani yake mna pasipoti yangu, kurasa zote
(yenyewe imo kabatini kwa mama yake);
mkataba, na alama ya dole langu, ya buluu;
Aprili na Mei ambazo hazikulipwa,
nimeziandika siku kwa siku;
na sauti ya Umazi akihesabu hadi ishirini,
akiruka kumi na saba, kila mara.

Shafiqul, fundi simu wa nyuma ya soko la samaki,
ndiye aliyenionyesha kuifunga.
"Neno refu," alisema kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza.
"Lisiwe jina la mtoto. Lisiwe mwaka."
Akanipa kisogo. Nikaandika maneno sita
ambayo hakuna mtu Kaloleni
aliyewahi kuyatia katika sentensi moja.
"Sasa hata mimi siwezi," akacheka,
akanitoza riali moja na nusu.

Hamad anaichomeka. Kompyuta inawaza.
Haioni pasipoti. Haimsikii Umazi.
Inaona mchanga,
mchanga mtupu, kama njia ya kwenda Buraimi.
Kisha inauliza, kwa adabu zake:
Kifaa hiki hakisomeki. Nikifute?

Hilo Shafiqul hakuniambia.
Nyumba yangu haina mlango: yai.
Mwizi haingii, sawa,
lakini kidole kimoja tu
na ute uko sakafuni.

"Ni yangu," nasema. Povu linanidondoka viwikoni.

Ana miaka kumi na minne. Nimemkeshea homa mbili.
Kidole chake kiko juu ya Ndiyo.
Kinakaa hapo.
Anabonyeza Hapana,
anaichomoa, anaipuliza kama uji wa moto.

"Ina nini?"
"Kitendawili."
"Tega," anasema. Nilimfundisha mwenyewe,
usiku ule umeme ulipokatika.
"Nimekwisha kutega."

Anafikiri. Anakuna kidevu kisicho na ndevu.
"Nimeshindwa."
"Nipe mji."
"Chukua Sohar, na bandari yake, na viwanda vyote."

Naifunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili.
Sohar ninao, Hamad,
huu mwezi wa ishirini na mbili.
Nipe mwingine.