Matundu Kumi na Saba

Tulipanda tangu saa mbili, mimi na Elinaja,
njia inateleza kwa mvua ya usiku,
migomba inatudondoshea maji shingoni.
Mara tisa kaniuliza: bado?
Ya kumi tukaliona lango.

Mwenye ufunguo alikuwa anakata majani ya ng'ombe
humo humo, palipokuwa uwanja wa gwaride.
"Andikeni majina," akasema Aikaeli,
mundu hakuuweka chini.
Daftarini, watu wanne tu tangu Pasaka.

Nikabandika kiganja ukutani:
baridi, kama sufuria iliyolala nje.
Mama wa bibi yangu aliyabeba mawe haya kutoka mtoni
akiwa na mimba ya miezi saba.
Ndivyo tulivyoambiwa jikoni, kwa sauti ya chini.
Jiwe gani hasa, hakuna aliyesema.
Nikagusa mengi, nisije nikalikosa.

Elinaja yeye na matundu ya bunduki.
Kumi na saba. La mwisho akachungulia,
jicho moja kalifumba:
"Shangazi! Naliona bati letu!
Na kanga ya mama kwenye kamba!
Hapa mtu anapaona nyumbani vizuri kabisa."

Sikumjibu.
Chini, mji wa Moshi unameremeta;
juu, Kibo kajifunika wingu, hataki wageni.
Tukala ndizi mbivu kizingitini,
maganda tukampa Aikaeli, ya ng'ombe wake.

Usiku, kabla ya kulala,
mtoto alisimama dirishani akakitazama kilima,
kisha akalivuta pazia, taratibu,
upande wa kanga ya mama.