Sampuli ya Thelathini na Moja

Mama, leo nimezichoma nyonyo zako,
nyuzi mia tano na hamsini,
ndani ya bomba jembamba lisilo na hewa, hapa Mehsana,
saa nane usiku, msimamizi kalala kitini.

Mafuta hayalii yanapovunjika.
Yanakuwa mvuke, basi,
na mnyororo wa kaboni kumi na nane
unakatika palipo dhaifu:
saba huku, kumi na moja kule.
Kipande cha saba kina harufu ya kupanda puani,
wauza manukato watakigombania.
Cha kumi na moja ndicho changu.
Nakichemsha kwa magadi, nakitia asidi,
hadi kinaelea, manjano,
kama samli iliyosahauliwa dirishani.

Niliiba ngozi yako. Unisamehe.
Siku ile ya Uttarayan, umekaa juani,
watoto wanarusha tiara juu ya mapaa,
nilikukwangua kati ya vidole vya mguu
ukadhani nakusafisha tu.
Miaka thelathini na nyati wako wa maziwa,
alfajiri, miguu katika tope na mkojo,
na fangasi wamejikalia humo
kama wapangaji wasiolipa kodi.
Kwenye daftari la maabara huna jina.

Visahani viwili.
Kimoja nilikitonesha mafuta yako yenyewe,
yaliyokamuliwa kwa kinu cha Kankuben,
yale unayosema yanatibu kila kitu.
Ukungu ukayapanda kama nyasi juu ya kaburi.
Sijui nitakuambiaje hilo.

Kingine nilikifunua siku ya saba:
duara tupu, safi,
upana wa sarafu ya rupia mbili,
na ukungu umesimama pembezoni
kama watu waliofika mtoni
wakakuta daraja limechukuliwa.

Jumapili nikakuletea kwenye kikopo.
Ukanusa, ukakunja uso.
"Kinanuka soksi za baba yako."
Kisha: "Mbegu ni zile zile?"
Zile zile, Mama.
Ukakisukuma nyuma ya debe la dengu,
ukaenda kukamua.

Jana Bhargav wa jirani kanipigia simu, anacheka:
kila asubuhi unakaa kizingitini,
unapaka mguu wa kushoto,
wa kulia unauacha mkavu,
halafu unaitazama yote miwili,
muda mrefu,
bila kumwambia mtu neno.