Zoezi la Nne, Darasa la Sita B

Kikombe na sahani vimevunjika: vema.
Mtama na uwele, hapo nusu ya darasa imeandika umekauka,
nusu vimekauka,
nami nikitazama mashamba ya Nala dirishani
nimewapa wote alama.
Vyovyote iwavyo, hakuna kilichoota.

Chumba cha pili mwalimu Chilongani anafundisha Kiingereza.
Kwake wakishakuwa wawili ni "are",
watu au masufuria, kisha anakwenda kunywa chai.
Mimi nina ngeli.
Bibi na mbuzi wake wamelala:
sarufi imempa mbuzi wa- ya watu,
na sisi Wagogo hatukuwahi kubisha.

Swali la tisa nililitunga mwenyewe, mbiombio:
Mama na baiskeli ______ (rudi) kutoka mnadani Msalato.
Mtu na chuma. Kitabu changu kinanyamaza hapo.
Nilitaka kuwatega.

Mbeleje, dawati la nyuma, hakutegeka.
Ameikata sentensi yangu vipande viwili:
Baiskeli imerudi. Mama yuko Jenerali, wodi namba tano.

Kalamu nyekundu ikakaa juu ya karatasi
hadi wino ukafanya doa.
Sikuweka vema. Sikuweka kosa.

Alhamisi kaleta daftari bila kuitwa.
Jibu la tisa kalifuta kwa mate na kidole,
karatasi imetoboka,
kaandika pembeni ya tundu:
Mama na baiskeli wanarudi leo.

Wa-, wote wawili.
Nikamuuliza tu nani ataendesha.