Nambari Tatu

Meza ya kulia chakula sasa ni ya reli.
Kerubo amekubali mpaka Desemba;
tunakula sahani zikiwa mapajani
na Kisumu iko pale, karibu na friji.

Mwanzoni nilitaka mtindo wa zamani:
reli ikatwe vipande, kila kipande na swichi yake,
swichi kumi na nne ubaoni,
kama vyuma alivyovuta baba
katika kibanda cha ishara, Makadara,
kimoja kimoja, hadi bega likalia.
Ukitaka kupisha, zima huku, washa kule.
Nikachora mchoro.
Ulifanana na sweta iliyofumuka.

Barabara ya Luthuli, ghorofa ya pili,
spika zikibishana mlango kwa mlango,
Abdirizak alinifungulia boksi lisilo na picha.
"Huku, mzee, stima haizimwi.
Iko relini saa zote, na amri imo ndani yake.
Kila kichwa kina sikio na nambari.
Kikiitwa kingine, hiki kinanyamaza."
Miaka thelathini nimeunga simu za watu;
nilimwelewa kabla hajamaliza.
Bei ndiyo sikuielewa.
Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu akaniongezea waya.

Mwekundu reli ya kulia, mweusi ya kushoto.
Nililala chali chini ya meza, koleo mdomoni,
tone la risasi likanichoma kidevu
nami nikajibu kwa lugha ambayo Kerubo aliisikia toka uani.

Kisha kitanzi cha kugeuzia, kule Kisumu.
Reli inazunguka, inajirudia,
ya kulia inarudi imekuwa ya kushoto,
mwekundu unakutana na mweusi uso kwa uso,
na sanduku linalia, linazima kila kitu.
Siku mbili nilitafuta shoti
ambayo haikuwa kosa la mkono. Lilikuwa umbo lenyewe.
Nikakata reli, pengo la unene wa ukucha,
nikaweka kisanduku kinachogeuza upande bila kuulizwa.

Jumamosi nikabonyeza tatu.
Kichwa cha Nairobi kikaondoka.
Cha Kisumu nacho kikaondoka,
njia moja, vinatazamana.
Kidole changu kilisahau kitufe kiko wapi.
Kerubo, aliyekuwa akipakua supu,
akalaza kijiko cha chuma juu ya reli zote mbili.
Sanduku likalia.
Vikasimama, mwanya kati yao haukupitisha kiberiti.

"Si ulisema shoti ndiyo inazima?" akasema, akaendelea kupakua.

Kitabu kinaeleza, ukurasa wa mwisho kabisa,
kwamba kila kichwa hutoka kiwandani kinaitwa tatu.
Ni kama kusimama Gikomba ukaita, "Kastoma!"

Sasa kimoja ni arobaini na moja, kingine kumi na saba.
Yeye ndiye aliyechagua, na hasemi ni za nini.
Kile kijiko kinakaa kando ya stesheni ya Nakuru.
Supu tunapakua kwa kikombe.