Mifuko

Miaka thelathini na miwili nimekata uzi kwa meno,
pale Kibuye, mlango wa tatu kutoka kwa wauza mitumba,
pini nne mdomoni, nikiwajibu wateja kwa pua.
Basi jino lilipoanza kucheza kama kifungo kilicholegea
sikumwambia mtu. Nililala na kitunguu saumu shavuni,
nikaamka na damu kwenye mto,
mke wangu amenigeuzia mgongo kwa ajili ya harufu.

Daktari Khavere ana kijiti cha chuma chenye mistari,
chembamba kuliko sindano yangu ya upindo.
Anakitumbukiza kando ya jino, anasoma kwa sauti,
msichana anaandika:
tatu, tano, saba, saba na damu,
sita, nne, tisa.
Hapo akanyamaza kidogo.
"Fizi zimeachia meno, Fundi Ogweno. Zimefanya mifuko."

Mifuko! Niambie mimi.
Mifuko ya sare za shule, ya kaunda suti,
mfuko wa siri ndani ya koti la karani wa mahakama,
kumbe na mimi nilikuwa nikishonewa yangu
bila vipimo, bila arubuni.

"Utakata?" nikauliza, maana mkasi naujua.
"Sikati. Sishoni. Nitakwangua."

Jumanne upande wa kulia, Jumanne ya pili wa kushoto.
Ganzi ikaufanya mdomo kuwa wa mtu mwingine.
Kifaa kikalia kama mbu ndani ya debe,
maji yakaruka, ukoga ukatoka vipande vipande,
mweusi, mgumu, kama masizi ya sufuria ya nyoyo.
Akashuka chini ya fizi, gizani, hadi kwenye mzizi,
akaukwangua ukawa laini
ili fizi zipate pa kushika tena.
Mwisho akadondosha dawa ndani ya ule mfuko wa tisa
kama mtu anayeficha noti.

Sasa nina brashi ndogo, mfano wa ile ya kusafishia cherehani,
hupita kati ya jino na jino kila usiku.
Sigara nimeacha. Nimeacha mara mbili.
Sukari ya damu napima: nayo hula fizi, alisema.
Uzi naukata kwa mkasi,
ingawa mkono bado huenda mdomoni wenyewe.

Miezi mitatu, kijiti tena: nne, tatu, tano.
Tisa imekuwa sita.
"Hazitapanda kama zamani. Meno yataonekana marefu.
Lakini yameshika."
Moja la chini bado linacheza. Tunalingoja, yeye na mimi.

Nyanya yangu, Nyar Seme,
aling'olewa sita ya chini akiwa msichana,
kwa chuma, mchana kweupe, hakulia,
ndipo akahesabiwa mtu kati ya watu.
Hayohayo sita mimi nayalipia yabaki.
Angecheka, na ulimi ungechungulia palepale penye pengo.
Lakini pengo lake, nyanya, lilikuwa mlango.
Langu lingekuwa tundu tu mfukoni.

Leo nimekula mahindi ya kuchoma.
Punje moja moja, kwa upande wa kulia.