Gari la Barabara ya Kipushi

Siku lilipotua, Nawej alipaka rangi nyeupe
kwenye kizingiti cha karakana yake, Katuba,
akasema: limetua hapa.
Tulicheka. Lakini Jumapili iliyofuata
tulipima kwa kamba mita lilizotembea kule,
thelathini na sita kwa wiki nzima,
tukafika kwa muuza makala, basi,
tukarudi kula bukari.

Hivyo tu. Mirihi tuliinyoosha,
tukailaza juu ya barabara ya Kipushi.

Daftari alishika Masengo, mwalimu wa fizikia.
Siku ya kule inaizidi yetu dakika arobaini,
aliandika kwenye jalada,
na Kapend, miaka tisa, akauliza:
hizo dakika wanazilala au wanazifanyia kazi?
Mimi mpaka leo nikichelewa mahali
nasema nilikuwa kwenye zile arobaini.

Niliendesha lori la mgodi miaka kumi na minane.
Gurudumu lake lilinizidi kimo mara mbili.
Nalijua vumbi la kiangazi linaloingia hadi kwenye chumvi.
Kwa hiyo picha zilipofika Lubumbashi, kwenye simu,
polepole, kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari,
umeme ukikatika katikati ya mlima,
sikuona nyota. Niliona ngazi ya tatu ya shimo letu
siku ya mgomo: hakuna mtu,
na alama za magurudumu zikirudi nyuma hadi ukingoni.

"Dereva wake yuko wapi?" mke wangu aliuliza.
Yuko kwao, mbali. Anaandika usiku mambo ya kesho,
gari linasoma, linakwenda, linajibu.
"Kumbe," akasema, "kama wewe na watoto wako."

Mwaka wa tano lilikwama mchangani.
Wiki kumi na moja hatukuongeza hata mita.
Kila Jumapili tulikwenda kusimama palepale,
karibu na kijana anayeziba matairi.
"Mnangoja nini?"
"Gari."
"La kwenda wapi?"
Nawej alinyoosha kidole juu, akaona haya,
akakishusha upande wa Kipushi.

Wiki ya nne kijana aliacha kucheka, akatutolea ubao wa kukalia.
Wiki ya tisa akasema: waambieni wapunguze upepo.
Masengo akamwambia magurudumu yale ni chuma kitupu.
"Basi lirudi kinyumenyume."
Na ndivyo lilivyotoka, kinyumenyume,
na hakuna aliyethubutu kumwambia
kwamba hawakumsikia.

Huko Kipushi mama yake Nawej alikuwa amefunga mbuzi
wa siku ya kulipokea.
Mbuzi yule alizeeka, akafa. Akafungwa mwingine.
Kapend alikwenda Kolwezi kutafuta kazi,
akawa anauliza kwa ujumbe: limefika wapi?
Nami namjibu: limepita daraja. Limepita kanisa la bati.
Kana kwamba nazungumzia shangazi yake.

Kisha vumbi. Lilifunika sahani zake za jua,
kilomita ishirini na sita, mita mia nne na kumi.
Waliliita miezi minane.
Nasi tulikuwa tukifungua simu alfajiri
kabla ya kunawa uso.

Jumapili ya mwisho tulikwenda na kopo la rangi.
Kapend alikuwa amekuja, ana ndevu sasa.
Akasema twendeni tumalizie, ni kilomita mbili tu.
Masengo akafunga daftari.
"Siandiki mita ambazo halikutembea."
Tukasimama. Malori ya madini yakapita, yakatupaka wekundu.

Sijui nani alimpigia simu yule mama.
Tulimwona akija kutoka upande wa Kipushi
kwa miguu, peke yake, bila mbuzi.
"Liko wapi?"
Nawej akamwonyesha jiwe.
Alilitazama muda mrefu. Akalikalia.
Akavua kiatu, akakung'uta kokoto.
"Limejitahidi," akasema.

Rangi ilikuwa bado mbichi.
Iliingia kwenye kitenge chake upande mzima wa nyuma.